Chipu ya Kupima Asali

Jumatatu, 9 Juni
Mtandao umekatika mara tatu kabla ya saa nne. Nimemkanda mama mguu, nimempa dawa, nimerudi kwenye kompyuta. Desideri, kiongozi wa timu yetu, kapiga kutoka Dar. Leseni ya programu tutapata moja tu. Ama ya kuiga mfumo mzima kwenye kompyuta kabla hatujachora chipu mpya, ama ya kuhakiki mchoro ukishakamilika. Nichague mimi. Mwisho Ijumaa. Nimechoka hata sijaanza.

Jumanne, 10 Juni
Nataka ya kuhakiki. Sababu naijua, sijamwambia mtu. Chipu yetu ya kwanza ilirudi kutoka kiwandani ikawa inaganda betri ikipungua. Jaribio la betri lilikuwa langu. Sikulifanya. Niliweka alama kwamba limefanyika. Wenzangu wakasema bahati mbaya. Chipu ikishatoka kiwandani hairekebishiki. Kazi ya watu watatu, mwaka mzima, imekwenda hivyo.

Jumatano, 11 Juni
Inyonga, kwa basi. Mama kabaki na jirani. Nimempelekea dada Yustina, mrina asali, kipimo chetu cha majaribio. Kinapima maji yaliyomo kwenye asali, kinatuma jibu kwenye simu. Nilidhani atapima ndoo moja moja, kivulini. Kumbe anapima kila sega hukohuko porini, asali bado ya moto, moshi machoni. Kila akipima, redio ndogo ya kutumia jibu inaamka. Kabla ya saa sita betri imeisha.
"Kizuri, ila kinakufa mapema," akasema. Hakulalamika.
Hapo nikaona. Programu ya kuhakiki ingetuambia mchoro hauna kosa hata moja, na kipimo kingekufa vilevile. Tumekosea mapema zaidi, pale tulipodhani kitatumikaje. Hilo linaonekana ukiiga vyote pamoja: betri, redio, joto, mtu mwenye haraka.
Nalala kwake. Vumbi hadi masikioni.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefika nyumbani mchana. Mama hajala, ananisubiri. Nimempigia Desideri, nimemwambia nataka ya kuiga.
"Na kuhakiki atahakiki nani?"
Mimi, nikasema. Kwa programu za bure, na kwa mkono. Halafu likanitoka lile la betri. Lote.
"Ungeniambia mwaka jana, Godeliva." Akakata simu.
Aibu. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 13 Juni
Ujumbe wake umeingia asubuhi. Leseni ya kuiga ameshaiomba. Majaribio nitaandika mimi, lakini hakuna litakalopita kwa sahihi yangu peke yake. Mwenzetu wa tatu atarudia kila moja.
Imeniuma. Lakini nimestahili. Nimejibu: sawa.

Jumapili, 15 Juni
Ibada tumeisikiliza redioni, mimi na mama. Alasiri nimeandika jaribio la kwanza, betri ikiwa karibu kuisha. Chini nimeacha mistari miwili ya sahihi. Mama amesinzia kwenye mkeka. Nimezima kompyuta jua likiwa bado juu.