Kifuniko cha Mashine ya Maji

Wangeci uko? Ni Hope. Usicheke kwanza.

Ile mashine ya kupima maji tuliyoililia mwaka mzima ilifika shule. Leo nikaita wazazi waione ikifanya kazi.

Nikapima maji ya bomba, uchafu sifuri. Kisima cha landlord Muiruri, sifuri. Maji ya mtaro, SIFURI! Na mimi na digrii yangu ya miamba nikashika maiki: "Wazazi, Kawangware tumebarikiwa!"

Wakapiga makofi. Wangeci, walipiga MAKOFI.

Kuiosha sasa, napata kifuniko cha plastiki bado kiko kwa ncha ya kupimia, ile inazama kwa maji. Maji hayakuwahi kuigusa!

Nikakimbia kwa Muiruri kabla auzie mtu hayo maji. Nikampata na brashi mkononi, rangi bado mbichi kwa tanki: MAJI SAFI, YAMEPIMWA NA MWALIMU HOPE.