Tisa kwenye Ganda

Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Siku ya ishirini na tano tangu bata aanze kulalia. Yamebaki mayai mawili tu ndani ya mashine ya Mwanzia. Naiita mashine kwa heshima ya jirani — ni boksi kuukuu, balbu moja, kipimajoto na bakuli la maji. Mayai yalikuwa kumi. Wiki iliyopita stima ikapotea siku mbili, manane yakapoa na kuharibika.

Mama yao aliraruliwa na mbwa wa kuzurura tarehe 23 mwezi uliopita. Kwa nini? Kwa sababu mimi, Musau, karani mstaafu, mtu wa kanuni, nilisahau kufunga geti! Kalondu amemfuga bata yule miaka mitano. Humsemesha kuliko anavyonisemesha mimi. Na alikuwa ameondoka siku tatu tu, kwenda Voi kumtunza binti yetu Ndanu aliyejifungua.

Sijamwambia mke wangu. Habari kama hiyo unaianzaje kwa simu? Nataka nimshikishe kifaranga kwanza, halafu ndipo nifungue mdomo. Anarudi Jumamosi ijayo.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kutoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye boksi. Nimemulika kwa tochi. Yai moja limekufa, linanuka. Nimelifukia nyuma ya choo.

La pili — anacheza! Nimeona kivuli kikisukuma.

Kalondu akapiga simu papo hapo. Mjukuu ananyonya vizuri, Ndanu mgongo umepona. Halafu: na bata wangu? Nikasema yupo, analalia. Akasema, sawa, Baba Ndanu.

Njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo nimeikariri tangu darasa la pili, na bado nimeipita mbio. Nimeona haya sana leo.

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kliniki ya presha, Machakos. Foleni ya kufa mtu. Mwanzia alikubali kukaa na yai mchana kutwa. Nimerudi jioni, saa kumi na moja, nikakuta ameshakwenda kukama.

Yai lina ufa! Kitundu kidogo kama punje ya wimbi. Kando yake Mwanzia ameandika kwa penseli: 9. Basi. Mwanzia si mtu wa maneno mengi.

Nimenakili kwenye daftari: 9.00 a.m. Amri yake naijua: bata si kuku, akishadonoa mpe siku mbili kamili. Zikipita ndipo umsaidie, maana atachoka humo ndani. Ukimvuta kabla, anatoka damu, anakufa mkononi.

Kwa hiyo Jumatano, saa tatu asubuhi.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kitundu ni kilekile. Analia ndani, sauti nyembamba. Nimechemsha chai mara nne, sijamaliza hata kikombe.

Mwanzia amechungulia dirishani. Nikamwambia naona mtoto amekwama. Akasema wachana naye, anajua kazi yake, akaenda zake shambani.

Jioni sauti imefifia. Ee Mungu, huyu mmoja tu!

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Saa mbili na nusu asubuhi. Kimya. Utando umekauka, umemkaza mdomo. Naangalia saa, naangalia yai.

Saa tatu kamili. Nikanawa mikono. Nikachukua kibano cha Kalondu cha kutolea miiba. Kipande cha kwanza, salama. Cha pili, cha tatu. Cha nne — damu! Mstari mwekundu ukatambaa hadi kwenye kidole changu.

Nilipiga kelele, naona, maana Mwanzia aliingia mbio akiwa na jembe mkononi.

"Karani, unafanya nini?"

"Siku mbili zimeisha. Si uliandika tisa?"

"Eeh, tisa. Saa tisa! Watoto wa shule walikuwa wanapita hapo nje wakienda nyumbani."

"Mimi nilisoma tisa asubuhi. Nine a.m."

"Aiya! Kwani hapa ni ofisi? Mimi niliandika saa ya watu!"

Masaa sita. Miaka thelathini nimeandika barua za serikali kwa saa ya Kizungu, na leo imenitia kitanzi. Mwanzia hakunigombeza zaidi. Akapaka unga kidogo penye damu, akafunika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akarudisha yai ndani.

"Sasa usiguse. Hata kama anakuita jina."

Saa nne. Simu.

"Baba Ndanu, niko steji Machakos. Nimerudi mapema. Bata wangu aje?"

Nilikuwa na uongo mpya tayari. Nikaangalia kidole changu.

"Alikufa, Mama Ndanu. Ni mbwa. Mimi sikufunga geti."

"Najua. Mke wa Mwanzia aliniambia siku hiyo hiyo."

"Na hukusema kitu!"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Siku ishirini na mbili, Musau."

Hajaniita Musau tangu Ndanu azaliwe. Nikamweleza yote, boksi, tisa, kibano, damu. Akauliza swali moja: bado anapumua? Nikasema ndiyo. Akasema, basi kaa hapo hapo, nakuja.

Saa tano na robo. Atafika kama saa sita. Saa tisa bado mbali. Kibano nimekitupa juu ya kabati, hakifikiki bila kiti. Unga umekuwa wa waridi, sijui kama damu imekoma au inaendelea chini yake. Mdomo umefunguka. Umefumba. Nahesabu. Umefunguka tena, na ganda limesogea — au ni mimi nimesukuma meza? Sigusi. Kiti kiko hapa karibu. Sigusi.