Jina la Mpagazi

Babu, shikamoo, na uitikie marahaba kabla hujakasirika.

Niko Kwihara, jua linachoma na vidole vinanata asali ya hapa. Tumekuja kujaribu redio ya setilaiti yetu ndogo. Jana mkuu wetu alitaka betri ya pili itolewe ili kamera kubwa zaidi ipate nafasi. Nikakataa, maana ya kwanza ikifa, kule juu hakuna fundi wa kuifuata. Nikamwonyesha njia ya zamani ya misafara inayopita hapa: "Ukimpunguzia mpagazi chakula ili umwongezee pembe za ndovu, ataanguka porini, na pembe zitabaki hukohuko."

Akauliza habari za wapagazi nimezijulia wapi. Wewe, kwa aibu, umetufundisha tuseme babu yako alikuwa mfanyabiashara. Mimi nikasema alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi Bagamoyo, na akarudi kwa miguu yake.

Betri imebaki. Setilaiti inaitwa Mpagazi. Jina nimeliandika mwenyewe ubavuni. Nuna ukitaka, lakini unywe dawa na ule vizuri. Nataka uwe hai siku babu yako atakapopita juu ya paa lako.

Mjukuu wako mbishi,
Tatu