Mbwambo wa Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Juni

Picha za pasipoti sita kabla ya chai. Vumbi la stendi limeingia tena kwenye skana, nimeifuta kwa kanga kuukuu. Kisha nikarudi kwa marehemu Mbwambo wa Myamba.

Mkono wa mtu uko begani mwake. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa: wakata mkonge sita mbele ya kambi, wanacheka, mmoja amemkumbatia. Mjane wake, Mama Nakunda, anataka abaki peke yake, na suti, na tai. Wote wanataka suti. Siku ya kuweka msalaba kaburini mjukuu hutangulia na picha ya marehemu, na hakuna anayetaka babu atangulie na panga mkononi.

Picha yenyewe nilimrudishia mjane siku ileile aliyoileta. Baba alinifundisha hivyo: picha ya mtu hailali studio. Ninayo ya kwenye kompyuta, inatosha.

Mkono umetoka. Suti imekaa. Begani pamebaki doa. Macho yananiuma. Msalaba ni Jumamosi.

Jumanne, 5 Juni

Programu ya picha imegoma. Nabonyeza, inaleta maneno ya Kiingereza, inajifunga. Nimeyasoma kwa shida: diski imejaa, hakuna nafasi ya kufanyia kazi. Nimezima, nimewasha. Vilevile.

Namjua aliyeijaza. Shemeji Renatus, mume wa mdogo wangu Rehema. Shamba la mkonge lilipouzwa, yeye alikuwa karani, akapewa kiinua mgongo na kwaheri. Akanunua kompyuta ya mtumba, akaingia nayo kwenye studio ya baba yangu kama bwana harusi. Dunia imebadilika, alisema, sasa ni soko huria. Mashine yangu ya kukuzia picha akaiuza. Chumba cha giza akakifanya stoo ya mahindi. Na mimi nilikubali. Leo nisingekubali, lakini mahindi yameshaingia.

Sasa diski imejaa nyimbo na filamu anazonakili na kuuzia vijana wa stendi. Taarabu, Kikongo, Wahindi wanaokimbizana bustanini. Marehemu hana pa kukaa.

Jumatano, 6 Juni

Nimempigia fundi wa Moshi kutoka kibanda cha simu. Amesema programu ile haiamki bila nafasi tupu ya kuhangaikia. Nifute mafaili ya muda. Nifute yasiyo na kazi. Kisha nimwage pipa, maana kinachofutwa kinaenda pipani, na pipa limo ndani ya diski hiyohiyo. Alisema polepole, kama anamwelekeza mtoto dukani. Nimechukia.

Nimefuta mafaili ya muda, mengi kama pumba. Nimemwaga pipa. Programu ikaamka. Nikamfungua Mbwambo, nikagusa lile doa la begani, ikaganda, ikafa. Nafasi haitoshi.

Nimemwambia Renatus afute nyimbo zake. Amesema nyimbo ndizo zinazolipa umeme. Ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 7 Juni

Asubuhi nilimpeleka mama yangu hospitali, presha. Narudi mchana, Renatus anapiga mluzi.

"Dada, nimeitengeneza. Jaribu uone."

Kweli. Ilifunguka kabla sijakaa vizuri. Nikamtafuta Mbwambo. Nikakuta mmoja tu, mzee wa Vudee. Wangu hayupo.

Mimi nahifadhi picha kwa ukoo. Mbwambo 1, Mbwambo 2, hadi thelathini na kitu. Msangi hivyohivyo, Mchome hivyohivyo. Wa Myamba alikuwa wa kumi na saba. Mtu yeyote wa hapa angeelewa. Renatus ni mtu wa Tabora. Akadhani mtu mmoja amehifadhiwa mara thelathini. Alifungua mbili tatu ahakikishe: suti ileile, tai ileile nyekundu. Ndiyo, ninayo suti moja tu, nawavalisha wote. Akabakiza mmoja wa kila jina. Akamwaga pipa. Nyimbo zake zote zipo.

"Nilidhani ni nakala, dada."

Nilimuuliza, miaka yote hii ameoa Upareni au amepanga chumba tu. Sijuti.

Nilikimbilia stendi nitume ujumbe picha iletwe tena. Basi la Myamba lilishaondoka. Huko hakuna simu.

Ijumaa, 8 Juni

Mama Nakunda ameshuka na basi la asubuhi kuchukua picha. Amekuja na fremu ya kioo kwapani, na ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mume wangu, mghosi wangu, ameshavaa?"

Nikamwambia. Picha ya awali ameiacha nyumbani, ndani ya Biblia. Angeiletaje, na mimi ndiye niliyesema sina haja nayo tena? Basi linarudi saa nane. Myamba hakuna umeme, hata ningepanda na kompyuta kichwani.

Hakunitukana. Alisema "basi," akaomba maji. Renatus alikuwa amejificha kwenye mahindi, nilimsikia akipiga chafya. Ningefurahi kama mama yule angepiga kelele. Ndizi ameziacha mezani.

Nimepanda naye basi. Nimeona aibu kumwacha aende peke yake na fremu tupu.

Jumamosi, 9 Juni

Ukungu, baridi ya kukata masikio. Mjukuu ametangulia na fremu. Ndani wako wote sita, na mapanga, na kambi. Fremu kubwa, picha ndogo, pembeni karatasi nyeupe.

Wageni wa mbali walikuwa wakiuliza ni yupi. Mama Nakunda akatembea ubavuni mwa mjukuu, kidole juu ya kioo. Kutoka mlangoni hadi kaburini. Kioo kikiingia alama anakifuta kwa kitenge, anarudisha kidole. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kama wote sita wamekufa.

Msalaba umesimama vizuri. Nililetewa makande, nikayaacha. Namchukia Renatus. Naichukia na ile suti.

Jumatatu, 11 Juni

Nimerudi kazini. Renatus amefuta nyimbo zake, hakuambiwa na mtu. Nusu ya diski iko wazi. Sijamshukuru. Chai tumekunywa meza moja.

Kondakta wa Myamba ameniletea picha, imefungwa kwenye gazeti. Ujumbe wa Mama Nakunda: nimtengenezee tu, haraka haipo tena.

Nimeiweka kwenye skana. Programu imefunguka mara moja. Nimeutoa mkono begani kwa mara ya pili, na safari hii doa limetoka lote. Tai nimeibadili rangi, nimempa ya bluu. Nimemhifadhi kwa jina lake: Eliamani Yohana Mbwambo, Myamba.

Picha yenyewe nimeifunga tena kwenye lile gazeti, nikamrudishia kondakta kabla basi halijaondoka.