Mgongo wa Nyapara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mfikishie baba, na umwulize kama goti lake limekubali kukunjika tangu dawa ile aliyoletewa na mjomba. Sisi huku tupo, wa kusimama anasimama na wa kulala analala. Mgonjwa ni mkono mmoja tu, na huo nitaufikia, usiruke mistari.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikishakatizwa husema sawa mama, kisha nakata simu nikiwa nimekubali jambo nisilolitaka. Karatasi haikatizi mtu. Naomba uvae miwani yako usome mwenyewe. Usimpe mdogo wangu akusomee, maana naye yumo humu ndani, na kwa hali aliyo nayo sitaki aumizwe na maneno yanayokuhusu wewe.

Mjomba alifika, akanywa chai, akanipa ujumbe wako. Alisema mdogo wangu amekaribia kujifungua, miguu imemvimba, na mumewe hajui hata kuinjika maji motoni. Kwa hiyo unataka shule zikifungwa nikuletee binti yangu mkubwa akae na mama yake mdogo, amsaidie kubeba mtoto, na likizo ikiisha tutaona. Mjomba aliusema ujumbe huo akitabasamu, kama mtu aliyeniletea zawadi. Akaongeza kwamba umesema yule mtoto ni mimi mtupu. Nilimwambia nitakujibu. Sasa najibu, ila kwanza nikueleze tunavyoishi.

Watoto ni hao watatu. Mkubwa ametimiza miaka minane. Baba yake alimpa jina la Nyapara kwa sababu husimamia kila kitu humu ndani, mpaka viatu vinavyowekwa mlangoni, na jina limemganda hata mwalimu wake hulitumia. Wa kati ni mvulana, hajaanza kuota meno mapya, huyo tunamwita Maswali. Ukikaa naye kidogo utaelewa kwa nini. Aliwahi kuniuliza kama kuku anajua kwamba yeye ni kuku. Mdogo ni Kibonge, na kwa uzito wake jina hilo limemstahili. Ameshajua kutembea lakini akiona mgongo hasahau kazi yake.

Mimi natoka nyumbani giza halijaisha. Kiwandani tunashona sare za shule, na mashine yangu ni ya matundu ya vifungo. Siku nzima natoboa mashati ya watoto wa watu. Huku nyumbani Nyapara huwaamsha wenzake, huwapa uji niliouacha kwenye chupa, humpeleka Kibonge kwa jirani wa chini, kisha humshika Maswali mkono hadi shuleni. Akirudi humchukua Kibonge, humfunga mgongoni kwa shuka, ndipo huanza kufagia. Nikifika mimi, nyumba inanukia sabuni na mtoto amelala. Nilikuwa naringa, mama, nisikufiche. Wenzangu kiwandani wakilalamika kwamba watoto wao hawaoshi hata kijiko, mimi nilikuwa nanyamaza na kutabasamu kama mtu mwenye shamba lililozaa.

Mkwe wako unamjua. Ni fundi umeme na ni mcheshi, mtaa mzima unampenda. Jumapili akimpandisha Kibonge mabegani wakaenda dukani kununua mkate, wanawake hutoka milangoni kumtazama, kisha huniambia nimepata mume. Mimi huitikia ndiyo, nimepata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hutengeneza umeme wa nyumba za watu, na taa ya jikoni kwetu mpaka uipige kofi ndipo iwake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Bomba la maji lipo chini, na sisi tunakaa ghorofani. Siku hiyo mtu alikuwa amemwaga maji ya kufulia kwenye ngazi akaondoka zake. Nyapara alikuwa akishuka na ndoo, Kibonge yuko mgongoni. Aliteleza. Mtu akiteleza kwenye ngazi huanguka chali, huo ndio mwendo wa mwili, hata mimi na wewe tungeanguka hivyo. Yeye akiwa hewani aliikumbuka roho iliyokuwa nyuma yake, akajipindua, akauangukia mkono wake wa kulia. Kibonge hakupata hata mkwaruzo. Nimeambiwa alicheka, alidhani ni mchezo.

Maswali aliona yote. Dada yake alimpa mkate wake ili asiseme. Kisha akateka maji kwa mkono wa kushoto, akapanda nayo kidogo kidogo. Mimi niliporudi nikaona sakafu haikupigwa deki vizuri, nikamwambia ameanza uvivu. Siku iliyofuata nikakuta vyombo vimeoshwa nusu, nikarudia maneno yaleyale, na safari hiyo niliongeza mengine nisiyotaka kukuandikia.

Jioni hiyo tulikaa kula, sote watano, baba yao akitusimulia kichekesho cha mteja aliyeogopa waya usio na umeme. Nikamwona Nyapara anakula kwa mkono wa kushoto. Unajua tulivyolelewa, na unajua nami nilivyowalea. Nilimuuliza tangu lini nyumba hii watu wanakula kwa kushoto kama wasio na kwao. Akakihamishia kijiko mkono wa kulia. Kijiko kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena. Mimi bado nilikuwa nimekunja uso. Ndipo Maswali, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameuliza swali hata moja na sisi tulishukuru kwa ukimya wake, alipomgeukia baba yake.

"Baba, mfupa ukivunjika halafu usimwambie mtu, unapona wenyewe?"

Baba yake alianza kucheka. Mimi niliupandisha mkono wa sweta la mtoto. Mama, mkono ulikuwa umevimba, umebadilika rangi, na joto lake nililisikia kabla sijaugusa. Mtoto alikuwa amevaa sweta na joto lote lile la siku zile, na sikujiuliza. Nilikuwa naangalia sakafu.

Hospitalini daktari alimuuliza kwa upole kwa nini hakumwambia mama. Akamjibu vizuri, kwa adabu, kama anavyojibu mambo yote: "Mama angenikataza kumbeba Kibonge. Sasa nani angembeba?" Daktari alicheka. Akanigeukia akaniambia nina bahati, watoto wa namna hii siku hizi hawapatikani. Mume wangu naye alitunisha kifua pale pale, na tangu siku hiyo huwasimulia watu jinsi Nyapara wake alivyojipindua hewani. Kila anaposimulia, ngazi zinaongezeka. Majirani wanakuja kumtazama mtoto, wanamsifu, wanamshika kichwa. Mmoja alimwambia binti yake wa makamo hayohayo, tazama mwenzio. Nilitamani kumfukuza na sahani ya chakula aliyotuletea.

Maana hakuna aliyeona nilichokiona. Mtoto wa miaka minane amevunjika mkono, na hesabu ya kwanza aliyopiga kichwani ni nani atafanya kazi yake. Wote wanaona ni tabia njema. Mimi najua ni nini kwa sababu nilikuwa nayo.

Sasa nakujibu, mama. Nyapara hatakuja. Hatakuja likizo hii, hatakuja mkono ukipona, na neno lako la tutaona silitaki, maana nalijua tangu zamani. Ulipomzaa huyu mdogo wangu uliniambia nikae nyumbani kidogo, akianza kutembea tutaona. Akaanza kutembea, ukamzaa mwingine, tukaona tena. Darasa langu lilisonga mbele nami nikibaki nao mlangoni nikiwatazama wenzangu wanapita na mabegi. Siku mdogo wangu alipomaliza masomo yake ulipiga vigelegele mpaka sauti ikakukauka. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo vya wageni. Hakuna aliyenifukuza sebuleni. Nilikwenda mwenyewe, kama Nyapara alivyopanda ngazi na ndoo.

Najua ulikuwa sokoni tangu alfajiri hadi jioni, na baba alikuwa safarini. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikulaumu. Nimejaribu, nimefuta, nimejaribu tena. Nakulaumu. Nakulaumu na bado nakupenda, na vyote viwili nimekaa navyo miaka mingi bila kimoja kukimaliza kingine. Ulikuwa unawaambia watu mimi ni mkono wako wa kulia. Nilikuwa nafurahi ukisema hivyo. Ilikuwa ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo, ningebeba nyumba yenyewe ili niisikie tena.

Kuna jambo moja ambalo hata mume wangu sijamwambia. Nilipomzaa Nyapara, mkunga alimpangusa, akamlaza kifuani kwangu, akaniambia ni msichana. Nililia. Ulipopiga simu ukasikia nalia, ukasema ni machozi ya furaha, nami nikakuachia uamini hivyo. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimeshalea wako, nilikuwa nimechoka na watoto kabla sijawa na mtoto. Nilimtazama yule kiumbe, bado ana damu masikioni, nikawaza: sasa nitapumzika, nimepata wa kunisaidia. Hata macho hajafumbua, mama, nami nimeshampa kazi.

Si kwamba simpendi. Nampenda mpaka kifua kinaniuma, na sasa hivi kinaniuma. Lakini nilimkaribisha duniani kama mtu anavyopokea kibarua, na yeye alinisikia, sijui kwa sikio gani, akaanza.

Kwa hiyo nimefanya nilichoweza. Nimemwomba msimamizi wa kiwanda anitoe zamu ya alfajiri. Alikunja pua, akaniondoa kwenye mashine yangu niliyoizoea, akaniweka kwenye meza ya kukata nyuzi pamoja na wasichana walioingia juzi. Nakata nyuzi. Baba watoto nimemwambia Kibonge ni wa kwake jioni. Alidhani natania. Nikamfungia shuka mgongoni mwenyewe, nikakaza fundo, nikamwachia. Alipotoka nje watu walimshangilia kama aliyerudi vitani, wakasema huyu ndiye baba wa mfano. Akarudi amenuna, akisema kiuno kinamuuma na kwamba mtoto huyu apunguziwe uji. Nilimwambia pole. Sikucheka mbele yake.

Mdogo wangu mwambie nampenda na namwombea ajifungue salama. Mwambie mumewe ajifunze kuinjika maji, si elimu ya juu. Nami nikipata ruhusa nitakuja mwenyewe nimsaidie siku chache, kwa hiari yangu, mtu mzima kwa mtu mzima. Mtoto wake nitambeba. Nimeshambeba mama yake, mgongo wangu unaijua njia.

Mjomba msalimie, umwambie chupa yake ya chai aliisahau hapa. Wale wote waliotuulizia wasalimie kwa majina yao. Watoto wanawaamkia bibi na babu. Maswali anauliza kama babu alizaliwa na goti hilo hilo.

Limebaki moja, halafu nikuache. Jana nilimwambia Nyapara aache kunifuata nyuma jikoni, mkono una plasta, aende nje akacheze. Alitoka akasimama mlangoni. Wenzake walikuwa uwanjani wanakimbizana. Alisimama pale muda mrefu, nikidhani anachagua wa kwenda kucheza naye, kisha akarudi akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia kazi mpya asije akaikosea:

"Mama, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheza nini?"

Nilikaa chini, mama. Nilifikiri mpaka taa ya jikoni ikajizimia, na sikukumbuka hata mchezo mmoja. Wewe ulikuwepo. Ukikumbuka chochote nilichowahi kucheza, hata kama ni kidogo, niandikie upesi, mtoto ananingoja nimfundishe.

Ni mimi mwanao wa kwanza.