Bafu Lililotoka Nyansiongo

Gesima, kupitia Kisii,
Juni 1974.

Mpendwa dada Kinsi,

Naanza na salamu ya kwenu, asalaam aleikum, kabla sijaleta ya kwetu ya kanisani, maana nakujua: barua isiyo na salamu yako utaichana ufungie binzari. Hujambo huko Isiolo? Na mumeo Gulled, kile kifua kimemwacha sasa kwa kuwa mmehamia kwenye joto? Sisi huku ni wazima, ila baridi. Mvua ya mwaka huu imekataa kwenda kwao. Asubuhi ukungu unapanda kutoka kwenye majani chai na kuingia jikoni bila hodi, na jua likitoka linachungulia tu, kisha linarudi kulala. Abner mume wangu yu mzima ingawa analalamikia mgongo. Cherehani nayo ni nzima, na kelele zake ni zile zile.

Barua yako niliipata dukani Ikonge. Unanipa pole kwa sababu Dahir wenu alikwambia alipita hapa kututembelea akamkuta baba mkwe wangu hajitambui tena, ananiita kwa jina la mwanamke aliyekufa zamani. Umeandika kwamba ulilia. Asante kwa machozi yako, dada. Nimekaa na barua hiyo mfukoni mwa aproni nikitafuta namna ya kukujibu, kwa kuwa jibu lenyewe si fupi na si la kusomewa mtu mwingine. Kwa hiyo ukifika hapa, funga kwanza mlango wa duka.

Unakumbuka tulipokuwa Kisii mjini, mimi na cherehani yangu kwenye baraza ya duka lenu, wewe ndani na vitambaa? Mzee akitokea kona ya soko na fimbo yake, mimi nilitupa mkasi na kukimbilia nyuma ya majora, nawe ulicheka mpaka ushungi ukakudondoka. Ulikuwa ukiniuliza kama baba mkwe wangu anauma. Nikakueleza kwamba kwetu ndiyo heshima, tunaiita chinsoni: mke wa mwana hamtaji baba mkwe jina, hamtazami usoni, haingii mahali anapolala. Hata sasa unaona naandika Mzee, Mzee. Kalamu yangu nayo imeolewa huku. Na mwana wa kiume pia amefungwa, hawezi kumwona baba yake bila nguo. Wenye ruhusa ni wajukuu. Hao hucheka na kutaniana na babu zao wanavyotaka.

Sasa wajukuu wa Mzee, yaani wanetu, wako wapi? Josiah ni karani Mombasa, Drusilla ameolewa Kericho na ana mapacha. Mama mkwe alipofariki, na miguu ya Mzee ikakataa kazi, mimi na Abner tulibaki tumesimama nje ya mlango wake hatujui la kufanya. Tulimwita kijana mmoja wa ukoo ambaye ni kama mjukuu. Alimwosha mara moja, kisha akaenda sokoni kuwasimulia watu jinsi mbavu za Mzee zilivyotokeza. Mzee alizipata habari. Alisema hataki tena kuoshwa na mtu mwenye ulimi.

Hapo ndipo Nyumba ya Wazee ilipotuokoa. Unajua kaunsili ilichukua nyumba ya mzungu mmoja kule Nyansiongo, yule aliyeuza shamba wakati wa Uhuru akaenda zake, ikaweka vitanda na wauguzi kwa kodi ya kichwa. Watu walilaani mno! Walisema hakuna Mgusii aliyewahi kulipa ili baba yake atunzwe na wageni. Abner wangu huyu alikuwa akiwakimbia askari wa kodi kila siku ya soko. Kuna siku alijificha chini ya magunia ya maua ya pareto, pareto ikamwingia puani, akapiga chafya, wakamtoa akiwa mweupe mwili mzima. Mzee peke yake hakukataa kodi tangu ile ya nyumba enzi za ukoloni. Siku alipobebwa kwenda Nyansiongo aliwaambia majirani kwamba hatimaye anakwenda kulala ndani ya kodi yake.

Na nyumba ile alikuwa anaijua. Ujana wake aliutumia pale, akimbebea yule mzungu maji ya moto debe kwa debe mpaka kwenye bafu la chuma, jeupe, lenye miguu minne iliyochongwa kama ya mnyama. Hakuwahi kuchovya hata kidole. Sasa Dahir, mpwa wa mumeo, ambaye ninyi wenyewe ndio mliomwombea kazi, akawa anamjazia yeye. Dahir ni mgeni, hana chinsoni na mtu yeyote upande huu wote wa Nyamira, kwa hiyo wazee walimpenda kuliko wana wao. Aliniambia Mzee akishaingia majini hufumba macho, na hatoki mpaka wenzake waanze kupiga kelele ukumbini.

Mimi nilikuwa nikienda kumtembelea, nakaa nje barazani nimempa mgongo. Mawaridi ya yule mzungu yalikuwa yamekwisha kuwa pori, yamepanda mpaka dirishani. Ndani nilisikia sauti ya Mzee ikiamua kesi za wenzake, nani alizaliwa kabla ya nani, kilima gani kilikuwa cha nani. Ukungu ulijaa kati ya miti mirefu ya uani, nami nilisinzia pale nikaona nyumba yote inaelea taratibu, na wazee wetu wamo ndani, hawana haraka ya kufika popote. Nilikuwa nikirudi Gesima moyo umetulia.

Mwaka huu ulipoanza, serikali ikafuta kodi ya kichwa. Dada, tulishangilia! Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele pale Ikonge mpaka koo likaniuma, na Abner akanunua nyama. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka vile vitanda vya Nyansiongo vilisimama juu ya nini. Kabla mvua hazijaanza kaunsili ikatangaza kwamba haina tena cha kuendeshea nyumba, kila ukoo umchukue mzee wake. Vitu viliuzwa kwa mnada. Mzee akamwagiza Abner anunue kitu kimoja tu.

Ndivyo Dahir alivyotuletea Mzee nyuma ya lori, amelazwa kwenye godoro, na kando yake bafu. Watu wa kilima kizima walikuja kulitazama. Tuliliweka katika nyumba yake ya udongo, karibu na mlango, likameza nusu ya chumba. Kisha Dahir akaenda zake kutafuta kazi ya lori huko Nakuru, na bafu likabaki kavu. Kuku akataga ndani.

Siku zile sitaki kuzikumbuka. Nilikuwa nikimwekea uji kizingitini, uso nimeugeuzia nje, na harufu inanifikia kabla sijainama. Alianza vidonda mgongoni. Abner alikwenda kuuliza hospitali, akaambiwa kwamba huo si ugonjwa, ni uzee, na dawa yake ni maji na mtu wa kumgeuza. Alirudi akaketi kwenye jiwe uani, akashika kichwa. Mimi nilikuwa na mikono miwili mizima na maji ya kutosha, na mtu alikuwa anaoza hatua chache kutoka jikoni kwangu, na siwezi kuvuka mlango. Niliichukia heshima yenyewe, dada, na bado sikuweza kuivunja.

Alasiri moja nimeinama na bakuli, nikasikia anaita Magokoro Nyamusi, anauliza mbona maji hayapati moto. Magokoro ndiyo bibi kwa lugha yetu, na Nyamusi ndiye bibi aliyemlea tangu akiwa mtoto mchanga. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Palikuwa na ukungu tu. Akaita tena, kwa sauti ya mtoto aliyechoka kungoja, akisema Bibi asijifiche, amemwona.

Niliacha uji nikamkimbilia Abner. Alinitaka nirudie maneno yale. Kisha akasema kwamba yeye hakusikia kitu, ila ameona kuni za langoni zinahitaji kupasuliwa, na atazipasua mpaka jioni, na mtu yeyote atakayekuja atamrudisha. Alisema hayo akitazama shoka.

Nikamfukuza kuku. Nikabeba maji debe kwa debe, mengine nikajimwagia miguuni. Mzee akamwagiza bibi yake apime maji kwa kiwiko, si kwa kidole, kidole ni mwongo. Nilidhani nikimgusa ardhi itapasuka. Haikupasuka. Mvuke ulipanda ukakutana na ukungu uliokuwa ukiingia mlangoni, nikawa sioni vizuri mkono wangu unaishia wapi na mgongo wake unaanzia wapi. Alikuwa mwepesi kuliko nguo nilizoloweka asubuhi ile.

Kwetu bibi humtania mjukuu kwa kumwita mume wake. Basi nikasikia kinywa changu kinamwambia kwamba huyu mume wangu amebaki mifupa, sijui niliolewa naye kwa nini. Mzee akacheka! Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia kicheko kile kwa karibu. Akaanza kunisimulia mbuzi waliopotea kwenye umande, na yeye amejificha kwenye mtama akiogopa kurudi nyumbani, na jinsi nilivyomtafuta nikiita jina lake. Nami nilimwona, Kinsi. Nilimwona yule mtoto, umande umemlowesha mpaka kiunoni, na niliona mtama ambao haujapandwa huku tangu chai ilipokuja. Kwa muda sikujua kama mimi ni Tryphosa.

Tukaendelea hivyo. Maji yakiwa moto mimi ni Nyamusi. Nikirudi na chakula mimi ni mkwe, nageuza uso, naye anakohoa kuniambia amenisikia. Vidonda vikakauka. Akaanza kula.

Lakini watu waliona. Mzee Angwenyi, jirani yetu wa chini, alikuja kumwuliza habari za mpaka wake, kwa sababu jamaa mmoja anamsogelea shambani. Unajua Mzee alivyosifika. Toka Gesima mpaka Nyansiongo hapakuwa na kesi ya ardhi iliyoamuliwa bila yeye. Alimsikiliza Angwenyi mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amewaona mbuzi wa Bibi Nyamusi. Angwenyi alitoka akifuta macho. Baada ya hapo wazee wakaacha kuja. Kanisani akina mama walinipa pole, wakasema kumwosha mtu asiyejijua si aibu, hata mchungaji akakubali. Ndivyo nilivyosamehewa. Na Dahir naye akapita, akayaona hayo hayo, akakuletea.

Sasa sogea karibu, dada.

Wiki iliyopita namkausha miguu, yeye amefumba macho. Akamwambia bibi yake kwamba mpaka wa Angwenyi unapita upande wa juu wa ule mti wa omotembe, aliupima yeye mwenyewe kwa miguu yake, na Angwenyi ana haki. Akasema inamuuma kwamba hawezi kumwambia, kwa sababu mtu anayejua mpaka ule unapita wapi hawezi kudai kwamba hamjui anayemwosha. Kisha akamwomba bibi, akikutana na mke wa mwanawe, yule wa cherehani, amsalimie. Alisema baba mkwe hana mdomo wa kumshukuru mkwe, kwa hiyo shukrani hizo Nyamusi ndiye ampelekee.

Taulo liliniponyoka. Alijua, Kinsi. Alijua tangu siku ile ya kwanza ya uji. Hakupotea hata kidogo. Mtu aliyesifiwa kwa akili tu, maana mali hakuwa nayo, amekubali watu wamwite punguani, rafiki yake atoke kwake analia, ili mimi nivuke kizingiti bila aibu. Sikuwahi kupendwa hivyo na mtu nisiyeweza kumtazama. Nililia, nikailowesha ile miguu niliyokwisha kuikausha, naye hakufumbua macho. Nilimjibu tu kwamba nitazifikisha.

Habari za mpaka nilimnong'oneza Abner, Abner akaenda kwa Angwenyi akasema amekumbuka mwenyewe. Angwenyi alikuja kumpongeza, akasema angalau kichwa cha baba hakikupotea chote, kimebaki kwa mwana. Mzee alisikia yote akiwa ndani. Akakohoa.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, kanisani nilitaka kusimama niwaambie wote. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Lakini siku nitakayosema ndiyo siku maji yatakapokwisha, atarudi kuwa baba mkwe na mimi mkwe, na vidonda vitarudi mahali pake. Basi nikakaa. Nimekuandikia wewe kwa sababu haiwezekani asiwepo hata mtu mmoja, nje ya boma hili, anayejua kwamba Mzee hakupoteza akili. Umeshajua. Ichome barua.

Nisikuchoshe, debe limeanza kuvuma jikoni. Msalimie sana Gulled. Dahir mwache na aliyoyaamini, ila mwambie maji tunapima kwa kiwiko. Abner anawasalimu kutoka langoni, anapasua kuni. Tumejaza kuni mpaka hatuna pa kuweka nyingine. Salamu za Mzee kwako siwezi kuzileta, mkwe hatumwi na baba mkwe. Lakini Nyamusi anakusalimu, dada, tena anakusalimu sana.

Ni mimi wako wa barazani,
Tryphosa