Siagi ya Réal kwenye Chapati za Baba Yake

Mpendwa Shangazi Delphine,

Nisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo mume wangu Adélard anarudi hospitali kutundikiwa dripu ya saratani, na mimi nina kopo la siagi kwenye friji ambalo hana habari nalo. Siagi hiyo imepikwa na bangi. Aliyeipika ni mwanetu Réal, ambaye baba yake alimfukuza shambani kwa sababu ya mmea huohuo, na tangu hapo jina lake halitajwi mezani. Lakini dripu zilipoanza Adélard alitapika mpaka nyongo, vidonge vya kichefuchefu anameza na vyenyewe vinarudi, mwanaume aliyebeba mapipa ya viazi amebaki mifupa, nikashindwa, nikampigia mwanangu kwa siri, na sasa kila asubuhi naipaka siagi yake kwenye ployes, zile chapati zetu za matundu, naye anakula, Shangazi, anakula na kuomba nyingine!

Tena amekuwa mtu mwingine. Anakaa dirishani theluji ikianguka polepole mpaka mtoni, ananiambia, "Rosella, njoo uone, viazi vimechanua," mimi naona weupe tu, lakini nakaa naye, ananishika mkono, na mchana unapita kama usingizi. Juzi aliuliza, taratibu kabisa, "Réal amekula?" Nilienda kulia jikoni.

Jana muuguzi alisema dripu ijayo ni kali zaidi, kwa hiyo daktari ataongeza kidonge chenye dawa ya bangi, akimeze pamoja na vile vya kichefuchefu. Adélard akacheka. "Ya hospitali sawa, ina cheti. Ile ya wahuni ndiyo siitaki kwangu." Nikamvalisha koti, tukaondoka. Tulipofika nyumbani alipepesuka kwenye ngazi, nikamdaka. Nikisema ukweli nitampoteza huyu mpole. Nifanyeje?

Rosella

Rosella dada yangu,

Ungekuwa karibu ningekukumbatia kwanza, halafu nikufinye. Kumlisha mtu dawa asiyoijua ni kumwibia mwili wake, hata ukiwa unampenda. Na kule kupepesuka ulifikiri ni nini, ngoma? Dawa za kichefuchefu zenyewe zinaweza kuleta usingizi. Wewe umeongeza siagi ambayo hakuna aliyeipima, sasa kije tena kidonge cha bangi juu yake! Daktari anachanganya kwa kipimo, wewe unachanganya kwa kisu cha mezani.

Leo hii, hata vyombo usioshe, mpigie muuguzi umwambie yote: tangu lini, na kiasi gani. Hatakuja na polisi. Anataka kujua kilichomo mwilini mwa mgonjwa wake. Siagi isipakwe tena mpaka waseme wao.

Kisha mwambie Adélard, asubuhi, akili zake zikiwa zimetulia. Atafoka. Mwache afoke, ndoa yenu imeshapita baridi kali kuliko hiyo. Akikataa bangi ya kila namna, ni haki yake, na daktari atamtafutia dawa nyingine.

Unaogopa kumpoteza yule wa dirishani, nami nakuelewa. Viazi kuchanua kwenye theluji, hayo nakubali ni ya siagi. Lakini siagi haimjui Réal, Rosella. Hilo jina lilikuwa moyoni mwa baba yake siku zote.

Mwite kijana aje Jumapili ale na baba yake. Safari hii aje mikono mitupu.